UZI: Nimehamisha leiauti ya treni iliyojengwa isihame. Nilivyoikata, nilivyoibeba, na reli zilizovimba baadaye

#1 TarumaLegevu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kuna mdau aliuliza humu kama inawezekana kuhama na leiauti ya treni za mfano, yaani reli na mandhari yake juu ya ubao, ambayo mwenyewe aliijenga akiwa hana mpango wa kuhama. Nikamwambia subiri kwanza nifike, nitakujibu. Nimefika. Uzi ni mrefu, mwenye haraka ateremke kwenye maoni.

Yangu ni HO, skeli ya 1:87, upana wa reli milimita 16.5. Umbo la L: mkono mrefu mita 3.6, mfupi mita 2.4, kina sentimita 75. Ilikaa stoo miaka 9 juu ya plaiwudi ya milimita 12, fremu ya mbao laini, skrubu na gundi kila kona. Bolti hakuna hata moja. Stesheni ya njia tano, yadi, handaki, daraja, kijiji juu ya mlima wa plasta. Pointi 17 za kuchepusha treni, kila moja na mota yake chini ya ubao. Siku napiga skrubu ya mwisho nilijua nimeijengea kaburi humo humo.

Wiki mbili za kwanza sikushika msumeno. Nilizunguka na chaki tu, nachora mstari, nafuta, nachora tena. Nawaambia ukweli, kazi yote ya kuhama ni huo mstari. Ukikosea hapo, hakuna ustadi wa kubeba utakaokuokoa. Mstari usipite kwenye pointi, kwa sababu pointi iliyokatwa haiungiki ikawa nzima. Usipite kwenye daraja wala mdomo wa handaki. Na uzikate reli kwa mraba: ukipita mshazari, zile ncha kali zinakamata ukingo wa gurudumu kila treni ikipita. Mstari wangu wa kwanza ulikuwa katikati ya mkono mrefu, pazuri kwa macho, lakini ulipita kwenye koo la stesheni, pale njia zinapogawanyika, njia sita na pointi mbili. Nikausogeza sentimita 30 upande wa yadi. Hapo zikabaki njia tatu tu, zote zimenyooka. Mwisho nikawa na vipande vinne: mita 1.5, 0.9, 1.2, na ule mkono mfupi wa mita 1.65.

Nyumba mpya chumba kiko juu, na ngazi zina kona. Kupima kwa futi hakunitoshi, maana kitu kikubwa kwenye kona ya ngazi hakifuati hesabu ya karatasi. Nilichukua fito nikaunda fremu yenye vipimo vya kipande kikubwa kuliko vyote, pamoja na ule ubao wa nyuma niliouchora anga, urefu wake sentimita 45. Nikaipandisha na shemeji. Ikakwama kwenye kona, tukaiinamisha, ikakwama tena kwenye mkono wa ngazi. Shemeji akauliza tu, "Hiki cha nyuma cha nini?" Nikang'oa ubao wa nyuma kwenye fito, ikapita. Kwa hiyo anga la miaka 9 lilihukumiwa na fito nne. Nitalichora upya ukutani.

Sasa kukata. Wengi hukata kwanza halafu wakaanza kutafuta namna ya kuunga. Mimi nilianza kuunga ndipo nikakata. Chini ya ubao, pande mbili za mstari, nilifunga mbao mbili za fremu zinazotazamana, katikati nimeweka kipande cha kadi chenye unene wa wembe wa msumeno. Nikatoboa zote mbili kwa mpigo, nikatia bolti za milimita 8 pamoja na jozi mbili za pini za shaba, dume na jike, zile zinazorudisha vipande mahali pale pale kila ukiviunga. Bolti zikiwa zimekazwa ndipo nikakata katikati. Hivyo vipande vilikuwa vinajuana kabla havijaachana.

Reli nazo hivyo hivyo. Ukizikata hivi hivi, zile ncha zinaning'inia kwenye mataruma ya plastiki, ukizigusa na kiwiko zimepinda. Nilitoa mataruma manne kila upande wa mstari, nikapiga skrubu fupi za shaba chini ya kila reli, nikazizamisha mpaka kichwa kikaigusa reli kwa chini, nikapiga tupa kikang'aa, nikalehemu reli juu yake. Pembeni niliweka vijitambaa vya maji ili joto lisiyeyushe mataruma yaliyobaki. Lehemu ikipoa, jaribu kusukuma reli kwa kidole. Isipotikisika, kata. Nilitumia kisahani chembamba cha drili ndogo. Vaeni miwani, jamani, visahani vile vinapasuka bila taarifa na vipande vyake vinaruka usoni. Vichwa vya treni viwe vimeshatoka chumbani. Reli zangu ni za aloi ya shaba na nikeli, sumaku haizivuti, ila chembe za msumeno na skrubu za chuma zinavutwa, na kila mota ya kichwa cha treni ina sumaku inayozisubiri.

Kokoto zilikuwa zimegandishwa kwa gundi nyeupe ya mbao. Maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, dakika 20, zinakwanguka kama ukoko. Plasta haina adabu hiyo. Nilichora mstari kwa kisu, ikapasuka inakotaka yenyewe, nusu ya kijiji ikashuka na ufa. Kama ungekuwa mlima wa povu gumu ningekata kama mkate. Mahali pengine mkato niliupitisha kando ya barabara na ukingo wa mto, na hapo leo hata mimi nautafuta.

Kosa langu kubwa lilikuwa waya. Kwenye mkato wa kati pekee zilipita waya 31, na karibu zote nyeusi, kwa sababu zamani hizo nilikuwa na roli moja kubwa la waya mweusi na nikajiona mjanja. Kabla ya kukata niliweka namba pande zote mbili kwa utepe wa karatasi. Lori lilikaa juani nusu siku. Nafungua, namba 11 zimebanduka, ziko sakafuni kama majani makavu.

Kubeba kwenyewe hakuna hadithi ndefu. Vile vipande viwili virefu nilivifungia uso kwa uso, mandhari yakitazamana ndani, na mbao za plaiwudi kwenye ncha, tofauti ya sentimita 15 nikaijaza kwa kigogo. Inakuwa kreti, unaweza hata kuegemeza kabati. Vingine viwili vilikwenda peke yake na nguzo kwenye kona. Angalizo moja: mota zangu zinashuka zaidi ya sentimita 8 chini ya ubao, na fremu ina kina cha sentimita 7. Ukikiweka kipande sakafuni umekikalisha juu ya mota. Nilipiga vijiti vya ziada chini, na bado moja ilivunjika mguu.

Vichwa vya treni vilikwenda nami mbele, kwenye maboksi yake. Kama huna boksi, zungushia karatasi laini kwanza. Plastiki ya viputo ikigusa rangi moja kwa moja muda mrefu, inaacha alama za duara.

Leo treni zinazunguka. Maswali karibuni.

#2 BehewaLaMwisho

Bila picha uzi haujatimia, mkuu.

#3 TarumaLegevu

Simu yenye picha iko kwenye boksi ambalo halina namba. Vumilia.

#4 MzeeWaGeji

Kijana, hongera kwa uvumilivu, ila mimi niko upande mwingine. Nimehama mara tatu katika maisha na mara zote tatu nimevunja. Natoa pointi, majengo, mota, waya unaofaa, miti mizuri. Vingine jalalani. Kwa nini? Leiauti ya miaka 9 ni ya yule mtu uliyekuwa miaka 9 iliyopita. Kona zake zimebana, yadi yake ina njia ambayo hakuna treni inayoitumia, na wewe unajua. Halafu umeibeba yote pamoja na makosa yake ngazi nzima juu. Kipimo changu ni hiki: je, wiki iliyopita kabla ya kuhama ulikuwa unaendesha treni, au ulikuwa unapanga kubomoa upande mmoja? Kama ni la pili, uhamisho ndio ruhusa uliyokuwa unaisubiri.

#5 TarumaLegevu

Mzee wangu, shikamoo. Hoja nimeipokea, na ile njia ya yadi isiyotumika umeijuaje?! Lakini nilikuwa naendesha. Kila Ijumaa. Na kuna kitu hukukitaja: mtu akivunja akasema nitajenga upya, miaka miwili baadaye bado ana maboksi. Nimewaona wengi humu.

#6 StesheniMasta

Mzee, na zipo zilizohamishwa zikaishi kuliko mwenyewe. Madder Valley ya John Ahern kule Uingereza aliianza miaka ya 1930. Yeye alifariki 1961, leiauti yake ikahamishiwa makumbusho ya Pendon, Oxfordshire, na iko huko mpaka leo. Wangefuata kipimo chako, yangebaki majengo kwenye boksi.

#7 MzeeWaGeji

Marahaba. Na wewe Stesheni Masta, ukijenga kama Ahern, hama nayo. Mimi nilikuwa nazungumza na sisi wengine.

#8 LehemuBaridi

Mimi ni mtu wa waya, hebu nitie neno kwa atakayekuja nyuma, maana hizo namba 11 zimeniuma.

Utepe wa karatasi ni wa mafundi rangi. Namba iandikwe kwenye kijibendera kinachouzunguka waya wote, halafu juu yake solotepu nyepesi au mpira wa kusinyaa kwa joto. Weka namba kabla ya kukata, sentimita 10 kutoka kwenye mkato, pande zote mbili, na uandike pia daftarini: namba 14, mota ya pointi ya 6, kwenda kushoto. Picha za chini ya ubao ni nzuri, lakini waya nyeusi 31 kwenye picha ni sahani ya tambi.

La pili: usiunge waya kwa waya tena. Hapo kwenye mkato weka plagi. Kwa mota na taa, konekta za pini 25, zile zilizokuwa nyuma ya kompyuta za zamani upande wa printa, zinafaa sana na huwezi kuzichomeka kichwa chini. Ila umeme wa reli usiupitishe kwenye pini moja. Kama ni DCC, ule mfumo wa kuendesha treni kidijitali, zile waya mbili kuu zinabeba mzigo wa treni zote kwa pamoja, na ikipiga shoti ndizo zinazopokea kipigo. Zipe plagi yake nene peke yake. Na plagi za jirani zisifanane, dume huku jike kule, ili mtu asikosee hata taa zikiwa zimezimwa.

La tatu: kabla ya kuwasha chochote, chukua mita ya fundi umeme, iweke kwenye mlio, gusa reli mbili. Ikilia, kuna shoti, usiwashe. Nenda ukichomoa plagi moja moja mpaka inyamaze. Kwa DCC kuna mtego: vichwa vya treni, taa za mabehewa na vifaa vilivyounganishwa kwenye reli vinaweza kukudanganya, toa vyote kwanza.

#9 TarumaLegevu

Mkuu, ningekusoma mwezi mmoja mapema. Nilichofanya mimi ni kukaa chini ya meza siku mbili na betri ya volti 9, nagusa waya mmoja mmoja, mke wangu juu anasema "pointi ya bandarini imecheza", "hii haijacheza". Mota za mwendo wa polepole zinasogea hata kwa volti 9, kwa hiyo inatambulika ipi ni ipi. Waya mbili niliziwekea kinyume, pointi ya 9 inafunguka ukiiambia ifunge. Nimeiacha, nimeshaizoea.

#10 NjiaMoja

Habari zenu wakubwa. Mimi nina N, 1:160, kwenye ubao mmoja kama mlango, mita 2 kwa 80. Nami nahama. Nikate?

#11 StesheniMasta

Usikate. Ubao wa ukubwa wa mlango unapita mlangoni, ndiyo raha yake. Toa majengo na miti inayong'oka, geuza usimame kwa ubavu, watu wawili. Kwenye gari pia usimame kwa ubavu na ufungwe, usiulaze kitu kikaja kuwekwa juu. Kabla ya yote pitisha kifyonza vumbi chenye soksi mdomoni, kila kilicholegea kitajitokeza sasa badala ya njiani. Utaokota vitu kwenye soksi.

#12 NjiaMoja

Nimeokota watu wanne na mbwa. Asante mkuu.

#13 TarumaLegevu (mrejesho)

Wakuu, niliwaambia nimemaliza. Leo ni wiki ya tano na nimerudi na aibu. Maungio yote matatu wiki ya kwanza yalikuwa safi kabisa, treni inapita unasikia "tik" ndogo tu. Wiki ya tatu mabehewa mepesi yakaanza kuruka kwenye ungio la pili. Nimeweka jicho usawa wa reli: zile ncha zilizokuwa na nafasi sasa zinagusana, na nyuma kidogo ya skrubu za shaba reli imejikunja kwenda pembeni kama nyoka, labda milimita 2. Nimeangalia bolti, zimekaza. Pini zimekaa. Nini hii?

#14 BehewaLaMwisho

Joto. Chumba cha juu, jua la dirishani. Reli inarefuka.

#15 MzeeWaGeji

Hesabu kwanza. Reli ya aina hiyo, mita 1, joto likipanda digrii 20, inarefuka kama theluthi ya milimita. Kipande chako kirefu ni mita 1.65, kwa joto hilo hupati hata milimita 1, sembuse 2 za kukunja... ngoja, najisahihisha mwenyewe kabla hamjanirukia. Kukunjika pembeni hakuhitaji kurefuka kwingi, reli iliyobanwa ncha zote ukiisukuma nusu milimita tu inatoka tumbo kubwa kuliko hiyo. Lakini bado simlaumu jua. Stoo yako ya zamani ilikuwa na unyevu?

#16 TarumaLegevu

Ilikuwa na unyevu mzee. Ukuta ulikuwa unatoka jasho.

#17 MzeeWaGeji

Na chumba kipya kikavu. Mbao zako zimekunywa maji miaka 9, sasa zinayatoa. Mbao inasinyaa, reli haisinyai. Ubao ukifupika na reli ikabaki vile vile, reli ndiyo inakuwa ndefu kwa hesabu ya pale juu. Fanya jaribio la bure: amka kabla jua halijatoka, angalia hilo tumbo. Kama ni joto, usiku litakuwa limerudi. Kama ni mbao, utalikuta limekaa pale pale linakutazama.

#18 TarumaLegevu

Saa kumi na moja alfajiri, tochi mkononi, chumba kimepoa, niko na shuka begani. Tumbo lipo. Halijarudi hata kidogo.

Nikakumbuka kitu. Siku ya kukata niliandika urefu wa kila kipande kwa penseli chini ya fremu, ili nijue kreti iwe na ukubwa gani. Kile cha mita 1.5 kiliandikwa 1,500. Nimepima sasa kwa futi ile ile ya chuma: 1,498 na kitu. Mzee, nakuvulia kofia.

#19 LehemuBaridi

Usipanue nafasi leo. Mbao ikiwa bado inakauka utapanua leo, na mwezi ujao utapanua tena. Yeyusha lehemu upande mmoja tu wa ungio, ile reli ipumue, viungio vya kuteleza, vile vinavyovikwa kwenye ncha za reli, vishike kwa muda. Umeme uwe na kijiwaya chake kila upande, usitegemee kiungio kupitisha. Subiri vipimo viwili mfululizo visibadilike ndipo ukate na kulehemu tena.

#20 StesheniMasta

Na ukiwa unasubiri, paka vanishi au rangi chini ya ubao na kwenye kingo zilizokatwa. Kingo mbichi za plaiwudi ndizo zinazonywa na kutoa maji haraka kuliko uso. Ila acha ikauke kwanza, usiufungie unyevu ndani.

#21 TarumaLegevu (mrejesho wa mwisho, nadhani)

Wiki ya kumi na moja. Vipimo vimesimama wiki tatu mfululizo. Nimekata upya maungio yote, nimeacha nafasi inayopitisha kadi ya simu iliyokunjwa mara mbili, nimelehemu, kingo nimezipaka. Ile njia ya yadi isiyotumika nimeitumia kutoa reli za kurekebisha, mzee amefurahi.

Simu ya picha imepatikana, ilikuwa ndani ya handaki. Sijui ni nani aliiweka humo, na nyumba hii tuko wawili.

Jana jioni niliunga mabehewa 14 nikayapitisha kwenye ungio la pili mara ishirini, mbele na kinyumenyume, hakuna lililoruka. La 15 sijaliunga. Lile gurudumu lake limepinda tangu tuko stoo.